Saba na Nyongeza

Nina cheti cha ualimu wa chekechea. Naanza na hilo kwa sababu mwaka ule kila mazungumzo niliyaanza na hilo, hata na mwanamke aliyeniuzia sukuma wiki. Nilisomea Homa Bay miaka miwili, nikilala kwenye godoro sebuleni kwa shangazi yangu, nikafanya mazoezi ya kufundisha katika shule tatu na nikafaulu. Kisha nikaja Migori kuolewa na kuajiriwa, kwa mpangilio huo, nikapewa watoto wa PP2, wale wa miaka mitano kuelekea sita, katika shule iliyo upande wa kwenda Masara.

Chumba changu kilikuwa kizuri. Sisemi kwa kujisifu. Haya basi, nasema kwa kujisifu. Likizo nzima ya Desemba nilikata maboksi nikachora namba kutoka moja hadi ishirini, kila namba na picha zake: samaki mmoja, kuku wawili, vikombe vitatu. Nilizifunika kwa nailoni zisiharibiwe na mate, maana mtoto wa miaka mitano akiipenda namba huilamba. Watoto wangu waliimba kutoka moja hadi mia. Mzazi akipita nje alisimama kusikiliza, nami nikimwona dirishani niliwaambia wapandishe sauti.

Sasa, mtoto wangu mwenyewe, msichana, kifungua mimba wangu, alikuwa na miaka minne na nusu na hakujua kuhesabu.

Si kwamba sikujaribu. Kila jioni kabla ya chakula nilimketisha kwenye kigoda jikoni, nikapanga maharagwe juu ya sinia. "Hesabu." Moja, mbili, tatu, nne, tano. Hapo alikwama. Aliinua macho akaniangalia midomo. Sita ilimjia tu nikishaanza kuitamka mimi, na nikifunga mdomo naye alifunga wake. Nikimwonyesha kadi ya sita aliita tisa. Nikimwonyesha ya tisa aliita tisa vilevile, kwa sauti ndogo, akiomba iwe ndiyo. "Angalia vizuri," nilimwambia, naye akaangalia vizuri, lakini aliniangalia mimi. Kuna siku machozi yalianza kabla sijafungua kopo la maharagwe.

Mwalimu mkuu wetu ana mdomo. Siku moja ofisini alisema mbele ya wenzangu, "Kweli, Madam, mganga hajigangi." Wakacheka, nami nikacheka. Jioni ile nilipanga maharagwe ishirini badala ya kumi.

Nilitaka kitu kimoja tu mwaka ule, na nakisema wazi mapema ili usinihukumu kwa kingine. Nilitaka mtoto wangu ahesabu hadi kumi, na awe amefundishwa na mimi. Ningeridhika na hicho. Watoto wa watu niliwafundisha, wakaenda gredi ya kwanza wakiandika namba zao vizuri, na mama zao wakanisalimia sokoni kwa mikono miwili. Wangu je?

Januari akaanza PP1, darasa la chini ya langu, chumba cha pili. Kati ya PP1 na PP2 kuna ukuta wa mabati tu, na mtoto wa upande ule akipiga chafya wa upande huu hujipangusa. Wiki ya tatu mwalimu wa PP1 akaenda likizo ya uzazi. Mwalimu mkuu, badala ya kutafuta mtu aliyesoma, akamchukua mama aliyekuwa anatupikia uji.

"Wiki mbili tu, Madam," aliniambia. "Tunatafuta mwingine."

Wiki mbili za mwalimu mkuu wetu ni ndefu. Pasaka ilifika ikapita, na mama wa uji bado alikuwa ndani, na uji ukapikwa na mtu mwingine asiyejua kuukoroga.

Mama huyu alikuwa ameishi Remba miaka mingi, kile kisiwa cha wavuvi ambacho nyumba zimebanana hadi jirani yako akigeuka kitandani unasikia. Huko alikuwa anauza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa gorogoro, lile kopo la kupimia. Alipochoka na maji na kelele akahamia Migori kwa dada yake. Shule aliachia kidato cha pili. Alifundisha akiwa amejifunga leso juu ya sketi, na sauti yake ilikuwa ya soko, ile ya kumfikia mteja aliye upande wa pili wa barabara. Watoto walimpenda, na hilo nalo sikulifurahia.

Mwanzoni nilijitia wema. Nilimpelekea kadi zangu kumi za kwanza, zile za nailoni, nikamwonyesha jinsi ya kuzining'iniza. Baada ya siku mbili akanirudishia, zimefutwa vumbi, zimepangwa kwa utaratibu.

"Asante sana, Madam," alisema. "Ni nzuri. Lakini hawa wangu wadogo wanaangalia samaki. Namba yenyewe hawaioni."

Nikazipokea nikitabasamu. Moyoni nilisema, sasa mpishi wa uji ananifundisha kazi. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba wiki iyo hiyo nilimwuliza mtoto mmoja wa darasa langu kadi ya nne ni ngapi, akaniambia, "Ni mbuzi."

Tangu hapo nikawa na sikio moja kwenye mabati. Upande wangu watoto waliimba mia. Upande wa pili palikuwa na soko. Alikuwa amekusanya makopo matupu kwa majirani, akaandika namba kwa mkaa juu ya kila kopo, namba peke yake bila kuku wala samaki. Kopo la namba tatu liliingia vifuniko vitatu vya soda, la saba liliingia saba. Watoto walijigawa, wengine wauzaji, wengine wanunuzi. Mnunuzi alikuja na kipande cha boksi chenye namba, muuzaji akakisoma, akatafuta kopo lake, akapima. Walibishana kama watu wazima. "Hii si nne! Umenipunja!" Na yule mama katikati yao akizunguka na leso yake: "Mhesabie tena. Mteja akilalamika unamhesabia tena, hukasiriki."

Wangu wakaanza kukosa nyimbo. Wakifika arobaini na kitu, kicheko kikatoka ng'ambo, vichwa vyote vikageukia mabati. Niligonga meza. Nikahamisha madawati yatazame upande mwingine. Siku moja nilienda kwa mwalimu mkuu kusema kwamba kuna kelele, akaniuliza, "Ya watoto?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hii ni chekechea, Madam." Nikatoka.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mtoto wangu alirudi na "Mwalimu amesema" mdomoni. Mwalimu amesema uji unapulizwa kwanza. Mwalimu amesema mtu akipita unamwamkua. Nilipotoa maharagwe akayaangalia kwa huruma, akaniambia, "Si hivyo mwalimu anafanya."

"Mimi ni nani?" nilimwuliza.

"Wewe ni mama."

"Na mimi ni mwalimu."

Akafikiri. "Wa wale wengine," alisema.

Nilirudisha maharagwe kwenye kopo na kumwambia akacheze. Ilikuwa kweli, na hakuisema kwa ubaya. Lakini mimi niliusikia ubaya wote ambao hakuutia.

Mume wangu anafanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu kule Masara, na huja nyumbani Ijumaa jioni hadi Jumapili. Sisi ni Wakatoliki. Yule mama ni Msabato, na Jumamosi hufundisha watoto kanisani kwao. Mtoto wetu akaanza kulilia kwenda naye. Nilikataa, baba yake akasema, "Ni Mungu mmoja, mwache aende," na mimi sikuweza kusema ninachokataa si Mungu. Akaenda. Akarudi mchana ameshika mkono wa yule mwanamke, anarukaruka, na gauni alilochafua limepanguswa hadi likatakata. Nilimshukuru. Sikumkaribisha chai. Mume wangu ndiye aliyemwita ndani, nami nikapika chai ile nikiwa nimebana meno, nikasahau sukari, na nadhani sikusahau.

Jumamosi iliyofuata ndiyo siku isiyonitoka akilini. Nilikuwa uani najaza maji kwenye mapipa, maana mfereji hutoa maji ukipenda wenyewe, na unapotoa huondoki. Nikasikia mume wangu akipiga makofi ndani. Nikamsikia akiita, "Njoo uone!" Nikasema nakuja. Ndoo ilikuwa haijajaa. Nilipoingia, mtoto alikuwa amepanga vifuniko vya soda sakafuni, na baba yake amechuchumaa mbele yake, ameshika kipande cha boksi chenye namba kumi kwa mkaa.

"Amefika kumi," alisema. "Na amenitolea kumi. Nimemwambia tisa, ametoa tisa. Sita, ametoa sita! Mama, umesikia?"

"Rudia nisikie," nilimwambia mtoto, maji yakinidondoka miguuni.

Akaniangalia. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Hapo akakwama. Akaangalia midomo yangu.

"Si ulikuwa unajua sasa hivi?" baba yake alicheka. "Ama unamwogopa mwalimu?"

Nilirudi nje. Pipa lilikuwa linamwagika na sikulifunga. Nitasema nilichohisi bila kukipamba. Nilimwonea yule mwanamke wivu kuliko ambavyo ningemwonea kama angelala na mume wangu. Mume ni mtu mzima, ana akili zake. Huyu alikuwa wangu, nilimzaa kwa siku mbili za uchungu, na kumi yake ya kwanza aliitoa akifikiria leso ya mtu mwingine.

Baada ya hapo niligundua kosa.

Ilikuwa saa nne, wakati wa uji, na watoto wa yule mama walikuwa hawajatoka. Nikasimama mlangoni pa PP1 kuwaharakisha. Mtoto mmoja alikuwa ananunua na kadi ya tano. Muuzaji akamhesabia tano sawasawa. Mnunuzi hakuondoka. Akanyoosha mkono akasema, "Meda." Ndivyo tunavyosema kwa Kijaluo, niongezee, na hakuna mtu wa huku anayenunua omena bila kulisema. Muuzaji akachukua kifuniko kingine akamwekea juu, wakaachana kwa furaha. Aliyefuata, kadi ya tatu. Akapewa tatu, akasema meda, akapata nne. Wa tatu hakusema hata meda, muuzaji alimwongezea mwenyewe.

Nikaelewa mara moja. Sokoni gorogoro haiishi kwenye ukingo wake. Ikishajaa, muuzaji anatupia juu konzi ya mwisho, na muuzaji asiyetupia kesho mteja anapitia kwa jirani. Sasa yule mama alikuwa amewafundisha biashara yote, pamoja na nyongeza, ambayo walikuwa hawajaifikia mtoto wangu alipomhesabia baba yake, na hajui kwamba hisabati haina nyongeza. Watoto ishirini na wanne, wangu akiwa mmoja wao, walikuwa wanaamini kwamba ukiombwa tano unatoa sita, na kwamba huo ndio uungwana.

Lilikuwa kosa la kurekebisha kwa neno moja. Ningemwita pembeni nimwambie, "Mama, nyongeza iache kidogo." Angeshukuru. Wakati ule ule yule mama aliinua macho akaniona mlangoni.

Nikatabasamu, nikaenda kunywa uji.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa ametutangazia kwamba afisa wa chekechea kutoka kaunti angekuja baada ya wiki mbili kuona watoto wetu wanavyozijua namba. Alikuwa ameniambia kando kwamba afisa asiporidhika na PP1, yeye hatakuwa na la kujitetea. Yule mama atarudi kwenye sufuria, na mimi nitaunganisha madarasa yote mawili hadi apatikane mwenye cheti. Madarasa yote mawili, na mtoto wangu ndani. Nilihesabu hizo wiki mbili kuliko nilivyowahi kuhesabu kitu. Kila asubuhi nilichungulia nikaona nyongeza inaendelea, na kila asubuhi nikasema kesho nitamwambia. Nyumbani mtoto akicheza duka na vifuniko vyake, akamwongezea mwanasesere wake, nilikaa kimya hata kwake.

Afisa alikuja siku ya Jumatano. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alikuja na mfuko wake mwenyewe wa vifuniko na kadi zake mwenyewe, ndipo nikajua huyu si wa kuimbiwa. Alianza na PP1. Mwalimu mkuu akaniita nami nisimame nyuma, kwa sababu nina cheti. Yule mama alikuwa amevaa viatu vya kanisani na ameiacha leso.

"Nani atanisaidia?" afisa aliuliza.

Mtoto wangu akainua mkono. Kwangu hajawahi kuinua mkono. Nikatamani kuuteremsha. Katika hesabu zangu zote za wiki mbili sikuwa nimeweka kwamba atakayesimama huenda akawa huyu, na sijui nilidhani afisa atawachagua wa nani.

Afisa akampa kadi. Saba. Mtoto akaisoma, "Saba," bila kumwangalia mtu midomo. Akahesabu kwa sauti, kifuniko kimoja kimoja, akaviweka kwenye kiganja cha afisa. Vilipofika saba akachukua viwili vingine akavipachika juu, akasimama wima kama mtu aliyemaliza kazi nzuri.

Afisa akavihesabu polepole. "Hizi ni tisa, mpenzi. Mimi nilitaka saba."

"Saba ndiyo hiyo ya chini," mtoto alisema. "Hizi mbili nimekumedea."

Mwalimu mkuu akakohoa. Afisa akaita mtoto mwingine, akampa kadi ya nne, akapata tano. Akaita wa tatu, kadi ya mbili, akapata tatu. Mimi nilikuwa nyuma, na nitasema kweli: kwanza nilihisi utamu. Ulipanda kifuani kama chai ya moto. Kisha nikamwona mtoto wangu. Alikuwa hajakaa. Alikuwa anaangalia kiganja cha afisa, kisha uso wa afisa, akitafuta alipokosea, kwa macho yale yale niliyoyajua kutoka jikoni kwangu.

"Mwalimu," afisa alimwambia yule mama, "hii ni nini?"

Nilingoja aseme ni watoto. Wengi wetu husema ni watoto.

"Kosa ni langu, Madam," alisema. "Nilikuwa nauza omena Remba. Hawa wanapima vile mimi nilikuwa napima." Akaenda akachuchumaa mbele ya mtoto wangu, akamshika mabega. "Nyathina, mwanangu, haujakosea. Umepima vizuri. Lakini huyu mgeni si mteja. Huyu amekuja na mtihani. Kwa mtihani hatumedi. Sawa?"

"Sawa."

"Haya, mpatie saba ya mtihani."

Mtoto akaondoa viwili vya juu, akamwachia afisa saba. Afisa akampa kadi ya tisa. Tisa kamili. Sita. Sita kamili. Akawaita wale wengine wawili, kisha wanne zaidi, na neno lilikuwa limeshawafikia wote, kwa mtihani hatumedi. Hakuna aliyekosa.

Afisa akaanza kucheka, miwani ikamwanguka kifuani. "Huyu anajua saba inaishia wapi na nyongeza inaanzia wapi," alimwambia mwalimu mkuu. "Ndicho ninachokitafuta shule nzima nzima sikipati." Akaandika, na aliandika kwa muda mrefu.

Kisha akaja kwangu. Wangu waliimba hadi mia, bila kosa. Afisa akashukuru, akamwita mtoto mmoja, akampa kadi ya nane. Yule mtoto akaanza kuimba. Moja, mbili, tatu. Akapita nane, akaendelea, akachota vifuniko kwa mikono miwili akampa. Wa pili akajaribu, akapata. Wa tatu akaniuliza nane ni ile ya vikombe ama ile ya ndizi. Afisa akafunga kitabu chake taratibu na kunisifia michoro yangu.

Saa ya uji yule mama alinikuta nimesimama nyuma ya darasa, mahali ambapo hatusimami. Alinipa kikombe. Nilidhani amekuja kunicheka, na ningependa angenicheka.

"Madam, nimeaibika leo," alisema. "Wewe ulikuwa umeona, sivyo? Ile siku ulisimama mlangoni."

Nikaupuliza uji wangu.

"Ulitabasamu. Nikajiambia, kama huyu ambaye amesoma ametabasamu, basi nimepata. Ndiyo maana nikaendelea."

Niliuangalia uji. "Sikuona vizuri," nilisema. "Nilikuwa nawaharakisha watoto."

"Ni sawa," alisema. "Siku nyingine ukiona uniambie. Mimi sikasiriki."

Akaenda kuwanawisha watoto mikono. Sijui kama aliniamini. Nimemfikiria tangu siku ile na bado sijui, na yeye hajawahi kurudia neno lile, hata sasa ambapo wazazi wamemchangia akasome chuoni wakati wa likizo, na mimi ndimi ninayemsahihishia kazi zake za kuandika. Wivu haujaisha. Umepungua makali, lakini akipita na watoto wanne wameshikilia sketi yake bado nageuza uso.

Nyumbani siku ile jua lilikuwa bado liko juu ya mibuyu ya jirani... hapana, jirani ana mipapai tu, na nimeona niandike kitu kizuri kwa sababu kinachofuata si kizuri. Nilimpikia mtoto chapati katikati ya wiki. Alipomaliza nilikaa sakafuni naye, si kwenye kiti, na nikamwomba vifuniko vyake. Sikutoa maharagwe. Nilijipa sauti ya mnunuzi.

"Nauziwa tano hapa?"

Akaniangalia kidogo. Akavitoa. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Hakuangalia midomo. Akaviweka kiganjani mwangu kimoja kimoja, akarudisha mikono yake mapajani.

"Kumi je?"

Akahesabu hadi kumi. Mbele yangu, bila kusaidiwa. Ndicho nilichokuwa nakitaka mwaka mzima, nami nilikuwa nimekishika mkononi. Nikangoja. Mkono wangu ulikuwa bado wazi.

"Meda," nilimwambia.

Akatikisa kichwa. "Kwa mtihani hatumedi."

"Huu si mtihani, nyathina."

Alinitazama usoni, akarudi kutazama vifuniko, akanitazama tena.

"Basi mbona unaniangalia hivyo?" aliniuliza.